Samadari ya bibi au sofa jipya la L? Nimepanga Upanga, nafasi ndogo

Bint_Ngamiani:
Wakuu salaam. Nyumba ya bibi kule Ngamiani, Tanga, imepata mpangaji, kwa hiyo vyombo vya ndani vinagawiwa. Fungu langu ni samadari ya besera, yaani kitanda cha nguzo ndefu za kutundikia chandarua, kasha la misumari ya shaba, kabati la vioo lenye miguu ya kuchongwa, na viti viwili vya henzerani. Mama mdogo kasema mwezi ukiisha sijachukua anamwita dalali, na mama mdogo hatanii.

Sasa mimi naishi Upanga, ghorofa ya tatu, lifti hakuna na ngazi zina kona. Sebule ni futi 12 kwa 15, chumba chetu 11 kwa 12, dari futi 9 na pangaboi katikati. Mume wangu akisikia "kitanda cha zamani" anasikia kunguni. Ameshaliona sofa la L Keko, mahameli ya kijivu, hamu katanguliza, bado pesa tu.

Sitaki kuishi ndani ya stoo ya urithi. Wala sitaki kuuza halafu siku moja nikione kitu cha bibi kwenye duka la watalii Mji Mkongwe kina bei nisiyoiweza. Nichukue kipi, niache kipi, na hilo sofa tulinunue?

Fundi_Randa:
Dada, mimi ni fundi wa hapo hapo Keko. Masofa ya L ndiyo yananilisha, kwa hiyo sina sababu ya kuyasema vibaya.

Habari ya uzuri iache kwanza, shika futikamba. Pima mlango wenu, pima ngazi pale zinapogeuka, halafu piga simu Tanga wapime kabati. Samadari isikusumbue, inafunguka yote: mbavu mbili, ubao wa kichwani, wa miguuni, nguzo. Viti mtu anabeba kichwani. Kazi iko kwenye kabati. Kama ni la vipande viwili, vioo juu na droo chini, linapita. Kama ni pande moja la futi sita na nusu, kwenye kona ya ngazi halitageuka, mtaanza mambo ya kulivuta kwa kamba kupitia kibarazani, na vioo vile vya zamani vikivunjika hupati vya kufanana navyo.

Kunguni. Mwambie shemeji kunguni hana habari na umri wa mbao, anatafuta ufa, na sofa la mahameli lina mishono mingi kuliko viungo vya kitanda cha bibi. Samadari ifunguliwe hukohuko Tanga, ipigwe dawa kwenye matundu ya viungo yote, ikae juani, ndiyo ipande gari. Mdudu wa kumwogopa zaidi ni bungua, yule anayetoboa mbao. Tandika gazeti chini, gonga ubao kwa kiganja. Ukidondoka unga laini mpya, wamo. Matundu yakiwa matupu hayatoi kitu, hayo ni makovu ya zamani, hamia kwenye swali lingine. Na mtu asije akakushauri oili chafu! Hiyo ni ya nguzo za uzio. Chumbani mtalala na harufu ya gereji mwaka mzima.

Samadari nyingi za pwani ni za msaji, yaani mtiki. Mbao hiyo ina mafuta yake yenyewe, mchwa hawaifurahii, na leo ukitaka kitanda kama hicho kipya cha msaji wa shamba la miti la Longuza uandae pesa ya maana. Ndiyo maana kwa upande wangu kitanda unachukua, huna haja ya kujiuliza.

Sofa sasa. Fundi akuoneshe fremu kabla hajaivisha kitambaa; akikataa, ondoka. Wengi wetu tunatumia paini ya shamba la miti la Sao Hill. Paini haina ubaya ikiwa kavu. Ikiwa mbichi inakuja kukaukia sebuleni kwako, inasinyaa, misumari inalegea, na kochi linaanza kulia kila mgeni akikaa. Taka viungo vya gundi na skrubu, na sponji nzito ya kukalia, laini muwekee mgongoni. Halafu hilo la L: upande mmoja futi nane, wa pili sita. Ukiongeza kabati kwenye sebule ya 12 kwa 15, watoto watapita juu ya meza. Ningekuwa wewe ningetengenezesha kochi moja la watu watatu, lililonyooka, kitambaa cha pamba kinachovulika kufuliwa, na viti vya henzerani viwili vikae vikilitazama. Mahameli na joto la Dar, hayo mtayajua Februari.

Mzee_wa_Remoti:
Uza vyote, nunua TV inchi 65. Karibu sana.

Bi_Malindi:
Mwanangu, kasha usilitoe nyumbani. Haya makasha mengi ya mwambao yalikuja kwa majahazi kutoka India, Surat na Bombay, hata hapa Unguja, basi dalali asikubabaishe kwamba lako "si la Zanzibar".

Lifunue. Ndani pembeni utakuta kijisanduku chenye kifuniko chake. Mengine yana droo ya siri chini ya hicho kijisanduku, papasa. Kisha chukua sumaku uipitishe juu ya shaba. Shaba haishiki sumaku. Ikinasa, hilo ni bati limepakwa. Na tazama bawaba. Skrubu za kichwa cha nyota zimeenea tangu miaka ya 1930, basi ukizikuta, ama bawaba zimebadilishwa ama kasha lenyewe si la enzi unazoambiwa. Kwako wewe si kitu, hununui. Lakini wako wanaouziwa kasha la mwaka jana kwa bei ya kasha la enzi za Sayyid Barghash, yule sultani wa Zanzibar.

Shaba usiisugue mpaka ing'are. Weusi ule uache ulivyo, futa vumbi tu.

Kuhusu samadari, mie nataka niseme jambo. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake unafuata boriti za mikoko, hazizidi mita tatu hivi. Lakini dari iko juu huko. Besera ilikaa mle kwa raha zake. Kwako futi 9 na pangaboi linazunguka, mwanangu, chandarua kitaliwa na feni siku ya kwanza.

Bint_Ngamiani:
Shikamoo bibi, nashukuru. Mama mdogo amepapasa, droo ya siri ipo! Ndani kulikuwa na risiti ya cherehani na kipini.

Fundi, kabati limepimwa, ni pande moja na kwenye ngazi halipiti. Linakwenda kwa shangazi Muheza, ana nyumba ya chini. Halafu kaka yangu aliye Muscat kasikia habari za kasha, anataka nimtumie yeye. Na besera je, nizikate nguzo?

Kibokoni_Mvita:
Dada, kabla hujatuma Muscat uliza Idara ya Mambo ya Kale. Huku kwetu Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitoki bila kibali. Kwenu Tanzania kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, nayo ina leseni zake. Na kama ndani ya fungu lako kungekuwa na kiti cha enzi chenye njumu za pembe ya ndovu, hapo ningekwambia usithubutu kabisa. Biashara ya pembe kimataifa imefungwa tangu 1990.

Kaka yako aje likizo akalie kasha hapo hapo Upanga.

Fundi_Randa:
Usikate! Samadari nyingi nilizofungua, nguzo za juu ni kipande cha peke yake kimechomekwa kwenye mguu. Zungusha polepole huku unavuta. Zikitoka, zifunge kwenye shuka uzitie mvunguni, siku ukihamia nyumba ya dari ndefu unazirudisha. Chandarua kwa sasa tundika cha duara, mbali na feni.

Godoro usinunue kwanza. Vitanda hivi havifuati 5 kwa 6 ya dukani, pima ndani ya mbavu ukakatiwe kwa kipimo hicho, na chaga weka mpya za mninga. Mvungu wake uko juu, masanduku ya nguo yanaingia yote, kwa hiyo kabati jipya la nguo sahau.

Na kabla lori halijatoka Tanga, kila kiungo kiandikwe namba kwa chaki, kulia na kushoto. Msipoandika, nitakuja kuifunga mimi na nauli ya kutoka Keko ni yenu.