Protini ya utando kwenye hamira: DDM (ditajenti ya kuyeyushia utando) inaacha nyingi kwenye mashapo

Swali
Habari wakuu. Nazalisha protini ya kusafirisha sukari kwenye hamira, promota (swichi ya jeni) ni GAL1 inayowashwa na galaktosi, na mkiani nimeunga GFP (protini inayong'aa kijani) na histidini nane za kunasia kwenye nikeli. Saa 22 baada ya kuweka galaktosi 2%, seli zinang'aa vizuri. Tatizo ni baadaye: nikiloweka utando kwenye DDM 1% kwa saa moja na kuzungusha kwa 150,000 g, zaidi ya nusu ya mng'ao inabaki kwenye mashapo. Kwenye jeli naona ukungu juu kabisa, bendi hakuna.

Jibu 1
Mkuu, sampuli za jeli unazichemsha? Acha. Protini za utando zikifika nyuzi 95 hugandana na kukwama mlangoni mwa jeli. Nyuzi 37 kwa dakika 10 zinatosha, na GFP itaendelea kung'aa, kwa hiyo bendi utaiona kabla hata ya kupaka rangi.

Kuhusu mashapo, umepima protini jumla ya utando? Hiyo 1% peke yake haisemi kitu bila kujua protini ni kiasi gani. Zimua hadi miligramu 3 kwa mililita, kisha koroga taratibu kwa nyuzi 4.

Jibu 2
Naongezea: ukishavunja seli kwa shanga za kioo, zungusha kwanza 10,000 g kwa dakika 10, utupe kinachotuama. Seli nzima zikipita hapo zitang'aa kwenye mashapo, nawe utailaumu DDM bure. Na kwa joto hili la Dar, barafu isikauke: piga dakika moja, poza dakika moja. PMSF (kizuia vimeng'enya vinavyokata protini) iwekwe dakika ya mwisho, kwenye maji haidumu. Tumia hamira iliyoondolewa jeni ya PEP4, la sivyo vimeng'enya vyake vitaikatakata protini.

Muulizaji
Nilichemsha kweli, na utando ulikuwa miligramu 11 kwa mililita. Asanteni sana. Kwenye safuwima ya nikeli je?

Jibu 1
Osha kwa imidazoli (inashindana na histidini kushika nikeli) milimola 20, toa protini kwa 250. DDM 0.03% iwemo kwenye kila bafa, bila kuruka hata moja. Ikishuka chini ya 0.009% hivi, protini inabaki bila kinga na kuganda. Kichujio cha kukoleza kiwe cha kilodaltoni 100. Cha 50 kinazuia na matone ya DDM yenyewe, unajikuta na ditajenti nzito kuliko protini.

Kisha ipitishe kwenye safuwima inayotenganisha kwa ukubwa ukifuatilia mng'ao. Kilele kikitoka mwanzoni kabisa, huo ni mgando: rudia kuyeyusha kwa DDM yenye CHS (kemikali itokanayo na kolesteroli) 0.2%.