Ofa mbili za rijonali mkononi, klasi ya mafunzo imebaki wiki saba, nishaurini wakuu

Mwana_wa_Pangani

Habarini wakuu, na waliotangulia shikamooni. Mimi kwetu Tanga, niko Texas mwaka wa nane sasa, grinikadi ninayo, nina mke na mtoto wa miaka miwili. Nimefundisha urubani kwenye Cessna 172 miaka miwili na nusu na mwezi uliopita nikafikisha saa 1,500, siku ile nilipozima injini nilibaki nimekaa mle ndani na logibuku mapajani mpaka mwanafunzi wangu akarudi kuuliza kama naumwa.

Sasa zimekuja ofa mbili za kazi ndani ya wiki moja, zote za mashirika ya rijonali, yaani yale madogo yanayorushia mashirika makubwa. Ya kwanza ni Envoy, makao yao makuu yako hapa Irving, kwangu ni dakika 20 kama hakuna foleni, na Dallas ni moja ya bezi zao, yaani vituo ambako rubani anaanzia kazi. Ya pili sitaitaja jina, hao wanatoa bonasi dola elfu 40 ukisaini kukaa miaka miwili, ila bezi zao zote ziko pwani ya mashariki, yaani kila kwenda kazini ni kupanda ndege kwanza. Malipo kwa saa yanakaribiana, tofauti ni hiyo bonasi tu. Shemeji zangu wote wanasema chukua hela, kule nyumbani kuna ujenzi umesimama kwenye lenta na kila simu lazima uulizwe. Moyo unaniambia Envoy ila sina hoja ya kuwajibu zaidi ya "ni karibu".

La pili ni kujiandaa. Jamaa mmoja kaniambia usiguse kitabu, nenda mweupe watakufundisha wao, mwingine anasema ukienda mweupe unarudi na mabegi yako. Jeti sijawahi kurusha hata siku moja. Nani mkweli?

Mrukaji_wa_Mvita

Marahaba mdogo wangu, na hongera, saa 1,500 za kufundisha si mchezo.

Mimi kapteni wa CRJ, jeti ndogo ya abiria, huu mwaka wa tisa, na mimi nilichukua bonasi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Elfu 40 kwa kuwa ni bonasi serikali kuu inakata asilimia 22 palepale, makato ya Social Security na Medicare nyingine 7.65, inakufikia kama elfu 28 na ushee. Gawa kwa miezi 24 unapata kama dola 1,170 kwa mwezi. Sasa anza kutoa, kitanda kule bezi mimi nilikuwa nalipa 350, chakula cha uwanjani, hoteli ya usiku uliokosa ndege ya kurudi, halafu toa siku zako na hizo ndizo zinazouma. Kazi inaanza Jumatatu alfajiri basi wewe umetoka nyumbani Jumapili mchana, inaisha Alhamisi saa tatu usiku na ndege ya mwisho ya kwenu imeondoka, unalala huko unafika Ijumaa. Kwenye karatasi una mapumziko siku 12, mkeo akikuhesabia anapata saba.

Na mwanzoni utakuwa rizavu, yaani wa akiba anayesubiri simu, hilo halina ubishi, kila mgeni anaanzia huko. Rizavu ya karibu simu ikilia una kama saa mbili tu uwe umeripoti, huwezi kuikalia ukiwa Dallas wakati bezi yako iko New York, kwa hiyo unakaa kule kwenye chumba cha marubani. Changu kilikuwa na vitanda sita vya dabodeka, mimi juu, ukiinuka haraka unagonga dari, wa chini yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kila siku na alijitahidi kufunga begi taratibu, maskini, lakini zipu ni zipu. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea mimi nimelala kwenye kile kitanda na simu kifuani nikisubiri kazi ambayo siku hiyo haikuja.

Tena si suala la familia peke yake. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria Q400 ya shirika la Colgan ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake ardhini. Fesi ofisa, yaani rubani msaidizi, wa ndege ile aliishi upande wa Seattle na bezi ilikuwa Newark, alisafiri usiku kucha kuvuka nchi nzima ndio aje kazini. Wachunguzi walieleza jinsi ndege ilivyopoteza mwendo na kapteni alivyoitikia kinyume, ila hilo la kusafiri mbali kufuata kazi na uchovu lilizungumzwa sana, na hizi saa 1,500 ulizozisotea ili uajiriwe na shirika zilitokana na sheria ya 2010 iliyokuja baada ya ajali ile, ikaanza kutumika 2013. Mimi kila nikimuona kijana anataka kuishi mbali na bezi kwa sababu ya hela naikumbuka.

Lakini usijidanganye, ofisi kuwa Irving haimaanishi utapewa Dallas siku ya kwanza. Bezi inagawiwa kwa siniorati, yaani nani ametangulia kwenye orodha, na Envoy wana Chicago na Miami pia, huenda ukaanzia huko. Kwa hiyo usimuulize rikruta, yule mtu wao wa kuajiri, tafuta watu walioingia miezi sita iliyopita uwaulize bezi gani walipewa, walisubiri muda gani kupata Dallas, na rizavu wamekaa miezi mingapi. Na ule mkataba wa bonasi usome mwenyewe neno kwa neno, ukiondoka kabla ya muda unarudisha kiasi gani, na ukifeli treni, yaani mafunzo yao, je? Wengi hawaulizi hilo la mwisho.

Dada_wa_Minneapolis

Naunga mkono mkuu wa Mvita kwenye bezi, nakaa dakika 15 kutoka uwanjani na sibadilishi kwa hela yoyote. Niongeze moja, Envoy, PSA na Piedmont zote ni mali ya American Airlines na wana njia ya kupanda kwenda American kwa siniorati bila usaili mwingine. SkyWest na Republic zinajitegemea na zinarushia mashirika makubwa kadhaa. Hakuna iliyo mbaya, ila usichague kwa ahadi ya kupanda tu, kasi ya foleni hiyo inabadilika na ajira za juu, leo inakimbia mwakani imesimama. Chagua pale ambapo hata foleni ikisimama miaka mitano bado utaweza kuishi.

Sasa treni, hapa ndipo nataka kusema kwa kirefu kwa sababu naona watu wazuri wanaumia bure.

Wote wawili waliokushauri wana nusu ya ukweli kaka yangu. Mifumo ya ndege usiisome sasa hivi, haidrolikis na umeme watakufundisha kwa mpangilio wao, ukijisomea kwenye video za mitandaoni utabeba vitu vya kampuni nyingine ambavyo itabidi uvifute kichwani. Lakini wakishakutumia vitabu vyao, mambo matatu uyajue usingizini kabla ya siku ya kwanza: limiti za ndege, vitendo vya dharura vya kukariri, na mtiririko wa mikono kwenye swichi pamoja na kauli zake. Neno kwa neno, si "maana yake ni ileile". Wameandika "themanini noti" (noti ni kipimo cha mwendo) basi ni hivyo, usiseme kasi iko sawa.

Chapisha bango la kokpiti la ndege yako kwa ukubwa wake, bandika ukutani, weka kiti mbele yake ukae kila siku dakika 40. Mkono uende kwenye swichi halisi, mdomo useme, jicho lihakikishe. Mimi nilibandika nyuma ya mlango wa stoo, lever ya nguvu ilikuwa mwiko wa ugali nimeuegemeza kwenye ndoo. Dada yangu alinisomea cheklisti anapika, nikikosea neno moja ananirudisha mwanzo, hajui ndege hata kidogo lakini karatasi alikuwa nayo. Nilipoingia simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, mkono ulikwenda wenyewe, akili ikabaki huru kusikiliza redio.

Pili noa IFR yako, yaani kuruka kwa kutegemea vyombo. Nyinyi mliofundisha kwenye 172 mna shida moja, mmekaa kulia miaka mkimuangalia mwanafunzi, mikono imelala. Tafuta saa chache urushe mwenyewe ukiwa umefunikwa macho usione nje, holdi ya kuzunguka hewani, kushuka kwa mawimbi ya ILS, kukatisha kutua, bila otopailoti. Na hesabu za kushuka uzoee kichwani: futi za kupoteza kwa maelfu zidisha kwa 3, ndio maili zako. Uko 35,000 unataka kuwa 5,000, ni 30 mara 3, unaanza kushuka maili 90 kabla. Kasi ya ardhini gawa kwa 2 ongeza sifuri, noti 400 ni futi 2,000 kwa dakika. Na chini ya 10,000 ni noti 250 tu, sasa jeti haitaki kushuka na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja, hapo ndipo wengi wetu tuliotoka Cessna tulishangaa.

Mpangilio wenyewe ukoje: kama hujafanya ATP-CTP, kozi ya maandalizi ya ATP ambayo ni leseni ya juu ya rubani, itakuwa ya kwanza, darasani saa 30 na simuleta saa 10, halafu mtihani wa kuandika wa ATP. Kisha utaratibu wa kampuni, mifumo, mtihani wa mdomo, trena ya swichi, ndipo simuleta kubwa inayocheza. Mle kuna mtihani wa manuva, yaani wa kuidhibiti ndege kwenye mazoezi magumu, kisha safari nzima ya kuigiza wanayokupima kama uko kazini. Ukifaulu unakwenda kurusha abiria na kapteni mkaguzi pembeni. Na ukishapata leseni ya ndege ile sheria inataka saa 100 za kazi ndani ya siku 120, kwa hiyo usipange kwenda Tanga kwenye harusi ya mtu kipindi hicho, wataelewa.

Mwenzi wako wa simuleta ni ndugu yako. Kaeni pamoja hotelini, viti viwili sambamba, mpitie zoezi la kesho mara tatu. Anayefeli mara nyingi ni yule aliyejifungia chumbani peke yake.

Saa_Tisa_Usiku

Huwa nasoma tu humu siandiki ila leo acha niseme. Mimi nilifeli mtihani wa manuva mara ya kwanza, jina la kampuni halina haja.

Zoezi lilikuwa injini kufa pale pale mwendo wa kutorudi nyuma unapopita, ndege bado iko chini na huruhusiwi kusimama, lazima upae na moja. Nilikuwa nimefanya vizuri mara nne. Siku ya mtihani zamu yetu ilianza saa nane usiku, nimekunywa kahawa mbili sijalala mchana, injini ya kushoto ikafa nikakanyaga pedali ya kulia sawa, lakini nikaendelea kukanyaga hata baada ya kupaa badala ya kuangalia kimshale kinachoonyesha ndege imepinda na kupunguza, nikawa napigana na ndege niliyoipinda mwenyewe. Na sikusema neno hata moja. Mwenzangu pembeni alikuwa anasubiri niseme kunja magurudumu, sikusema, tukaendelea nayo nje.

Mkaguzi alisimamisha akanipa maji. Akasema mguu si tatizo langu, tatizo ni kwamba nilinyamaza, na ukinyamaza mwenzako hawezi kukusaidia. Wakanipa vipindi viwili vya ziada, nikalala mchana kwa nguvu na pazia nimelibana kwa vibanio vya nguo, nikafaulu. Niko kazini mwaka wa tatu.

Kwa hiyo Mwana wa Pangani, wiki ya mwisho kabla ya klasi badilisha usingizi wako, ratiba ya simuleta haina adabu. Ukiona unaachwa nyuma sema siku ileile, siku ya pili usingoje ya tano. Na kama uliwahi kufeli cheki raidi yoyote, yaani mtihani wa kurusha, huko nyuma iandike kama ilivyo kwenye fomu, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wana hifadhi ya rekodi za marubani na mwajiri lazima aitazame. Kufeli mara moja ukaeleza ulichojifunza wanaelewa, kuficha hawaelewi.

Mwana_wa_Pangani

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu pembeni. Asanteni mno, na Saa Tisa Usiku Mungu akuzidishie, najua si rahisi kuandika vile.

Nimefanya mlichosema. Nimewapata wawili walioingia Envoy mwaka huu, wote walianzia Chicago, mmoja ameshahamia Dallas na mwingine bado anasubiri. Kwa hiyo kuna miezi ya kulala mbali na nyumbani, lakini angalau foleni inaishia hapa. Ule mkataba wa bonasi nikausoma jana usiku, ukifeli treni baada ya kupokea awamu ya kwanza unairudisha yote ndani ya siku 30. Rikruta hakunitajia. Shemeji mkubwa nimempigia hesabu ya mkuu wa Mvita, akanyamaza kidogo akauliza kwa hiyo lenta isubiri mpaka lini, nikamwambia nipe mwaka.

Leo asubuhi nimesaini Envoy. Ndege ni E175, klasi Jumatatu ya wiki ya saba. Bango nimelichapisha vipande vinne pale duka la fotokopi, liko ukutani sebuleni kwa sababu stoo hatuna, mtoto ameshachora na kalamu ya rangi upande wa fesi ofisa.

Swali moja Dada, ile siniorati ndani ya klasi wanaipangaje?

Dada_wa_Minneapolis

Hongera sana kaka! Inategemea kampuni, wengine kwa umri, mkubwa anatangulia, wengine kwa tarakimu za mwisho za namba ya Social Security. Uliza kabla, maana ndiyo itakayoamua nani anachagua bezi kwanza siku ile. Na upande alioandika mtoto usiufute, bandika mwingine juu yake.