Naomba ushauri: kulinganisha prosesa za PDA (kompyuta za mfukoni) na simu janja za kwanza bila kudanganywa na MHz

Ndosho_Elektro (Goma)

Jambo yenu wakubwa.

Ninaandaa somo la vitendo kwa wanafunzi wa elektroniki katika shule moja ya ufundi hapa Goma. Mezani kuna vifaa saba, vyote vinawaka: Compaq iPAQ H3630 (StrongARM SA-1110, 206 MHz), iPAQ H3970 (PXA250, 400 MHz), Dell Axim X50v (PXA270, 624 MHz), Treo 650 (PXA270, 312 MHz), Nokia N70 (ARM9, 220 MHz), Nokia N95 (OMAP 2420, 332 MHz) na Nokia N900 (OMAP3430, 600 MHz).

Nataka wanafunzi wapime wenyewe na kujaza jedwali. Shida ni kwamba matokeo ya kwanza hayafuati MHz. H3970 inaipita H3630 kwa kidogo tu. Treo inaburuta kwenye programu moja ya hesabu, kwenye nyingine inakimbia. Axim ina MHz nyingi kuliko zote lakini N900 inaiacha mbali. Nimekosea wapi? Na ni jaribio gani litakuwa la haki kwa vifaa vya namna tofauti hivi?

Fundi_Birere (Goma)

Mwalimu, hujakosea, na vifaa vyako ni vizima. MHz ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Haikwambii katika kila pigo kazi kiasi gani inafanyika.

Anza na familia ya prosesa. Kwa jaribio la Dhrystone, ARM7 inatoa takriban 0.9 DMIPS (alama ya jaribio hilo) kwa kila MHz, ARM9 takriban 1.1, ARM11 (ya N95) na XScale (ukoo wa PXA zako zote) takriban 1.25, Cortex-A8 (ya N900) inafika 2.0. Kwa hiyo N70 kwenye karatasi ni 220 × 1.1, yaani 242. N95 ni 332 × 1.25, yaani 415. Axim ni 780. N900 ni 1200, ingawa MHz zake ni chache kuliko za Axim. Sababu ni kwamba Cortex-A8 inaweza kutoa amri mbili katika pigo moja, na nyingine zote ulizotaja hutoa moja.

Sasa H3970, ambayo ndiyo somo zuri kuliko yote mezani kwako. Intel iliitangaza SA-1110 ya 206 MHz kwa 235 DMIPS, na XScale ya 400 MHz kwa hesabu hiyo inafika 500. Mara mbili na zaidi! Watu walionunua Pocket PC (PDA za Windows) za PXA250 mwaka 2002 walitegemea hivyo, wakakuta karibu kasi ileile. Mambo matatu yalikutana.

La kwanza, mfumo wa Pocket PC 2002 ulitengenezwa kwa amri za ARMv4, zile za StrongARM. XScale ni ARMv5TE, na amri zake mpya hazikuguswa.

La pili, XScale ilifikia 400 MHz kwa kuigawa kazi katika hatua nyingi zaidi: hatua 7 badala ya 5 za StrongARM. Prosesa ikikisia vibaya njia ya programu, hatua zote zilizojazwa zinatupwa na kuanza upya. Mstari mrefu unalipa faini kubwa zaidi.

La tatu, na ndilo zito, ni memori. Kiini kinapiga 400 MHz lakini njia ya kwenda kwenye RAM ni ya 100 MHz. Data isipokuwamo ndani ya kashe (memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa), prosesa inasimama na kungoja. Ni kama pikipiki yenye injini kubwa iliyowekwa kwenye barabara ya mawe ya volkano. PXA255 ya 2003 ilipandisha njia ya ndani hadi 200 MHz, na hapo ndipo watu walianza kuiona ile 400 waliyoilipia.

Kadutu_Kodi (Bukavu)

Yaya Fundi amemaliza upande wa iPAQ. Mimi niseme ya Treo, ambayo ni simu ya Palm OS.

Palm za mwanzo zilitumia Motorola DragonBall, ukoo wa 68000 (68k). Pilot 1000 ya 1996 ilikuwa na 16 MHz. Palm OS 5 ilipohamia ARM, programu za zamani ziliendelea kuishi kupitia PACE, tabaka linalotafsiri amri za 68k moja moja kwenda ARM. Kazi haiishii hapo. DragonBall huandika namba kwa kuanza na baiti kubwa, ARM ya Palm huanza na ndogo, kwa hiyo baiti hupinduliwa njiani.

Ndiyo maana Treo ina sura mbili. Programu iliyoandikwa kwa 68k pekee inapima PACE, wala haipimi PXA270. Programu ambayo sehemu yake nzito imeandikwa kwa ARM moja kwa moja inapata prosesa yote. Ukitumia jaribio la enzi ya Palm V kwenye Treo 650, namba utakayopata ni sahihi kwa swali ambalo hukuuliza.

Kitu kingine: Treo 650 inahifadhi programu kwenye flashi na kuzivuta kwenye RAM zinapoitwa. Mara ya kwanza huwa nzito daima. Futa kipimo cha kwanza.

Nyawera_Bit (Bukavu)

Naheshimu hesabu ya DMIPS hapo juu, lakini mwalimu asiishie hapo. Dhrystone ni programu ndogo, inaingia yote ndani ya kashe. Haitoki kamwe kwenda kwenye RAM, kwa hiyo inaficha udhaifu uleule Fundi aliousema. Ukipima H3970 kwa Dhrystone utaikuta nzuri, ukiitumia utaikuta nzito, na wanafunzi hawataelewa kwa nini.

Kwa iPAQ mbili, Axim na Treo, tumia TCPMP, programu ya kucheza video. Ipo ya Windows Mobile na ya Palm OS 5, na ndani yake kuna kipimo: inacheza video kwa haraka inavyoweza, kisha inatoa kasi ya wastani kwa asilimia. Kufungua video kunagusa hesabu, kashe na RAM kwa pamoja.

Tengeneza faili moja kwenye ordinateri, litumike kwa vyote:

`ffmpeg -i chanzo.mp4 -t 60 -vf scale=320:240 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 300k -c:a libmp3lame -ar 22050 -ac 1 -b:a 64k jaribio.avi`

Ikitoa 180%, maana yake ni fremu 45 kwa sekunde, kwa kuwa video ni ya 25. Gawanya hizo 45 kwa MHz, zidisha kwa 100, uandike kwenye safu ya pili ya jedwali. Safu hiyo ndiyo itakayoonyesha kila prosesa inafanya nini na mapigo yake.

Tahadhari ya Axim X50v: ina chipu ya picha ya Intel 2700G, na TCPMP inaweza kuitumia. Ukiiacha hivyo unalinganisha chipu mbili na moja. Ingia kwenye mipangilio ya video, chagua njia ya kawaida ya kuchora. Halafu pima tena kwa 2700G na uweke mstari wake peke yake.

Pia kioo chake ni 640 × 480, yaani nukta 307,200, wakati iPAQ ina 76,800. Ni mara nne. Kwa baiti 2 kila nukta, kujaza kioo chote mara 25 kwa sekunde ni karibu MB 15 za kuandika kila sekunde. Zima kutanua picha, video ibaki 320 × 240 katikati ya kioo, la sivyo utaiadhibu prosesa kwa ukubwa wa kioo.

Ndosho_Elektro (Goma)

Aksanti sana. Hilo la nukta mara nne limenifungua macho.

Na Nokia je? N70 na N95 nitazipimaje? Nilikuwa nafikiria JBenchmark, kipimo cha kasi cha Java, inafungua kwenye zote mbili. Tena N95 inakataa baadhi ya programu, inasema cheti kimekwisha muda.

Kadutu_Kodi (Bukavu)

JBenchmark ni halali mradi uandike juu ya safu: "prosesa pamoja na mashine ya Java". Simu mbili zenye chipu sawa zinaweza kuachana sana kwa sababu tu mtengenezaji mmoja aliweka mashine ya Java bora. Usiichanganye na namba za TCPMP.

Cheti: rudisha tarehe ya simu nyuma hadi mwaka ambao programu ilitolewa, tuseme 2008. Kwenye kisimamizi cha programu, ruhusu usakinishaji wa programu zote na zima ukaguzi wa vyeti mtandaoni. Sakinisha, kisha rudisha tarehe.

Ningependelea Python. Ipo ya S60 (mfumo wa simu hizo za Nokia) toleo la pili kwa N70, toleo la tatu kwa N95, na N900 inayo pia. Weka kodi hii kwenye zote tatu:

```
import time
def chujio(n):
    f = [1] * (n + 1)
    i = 2
    while i * i <= n:
        if f[i]:
            j = i * i
            while j <= n:
                f[j] = 0
                j = j + i
        i = i + 1
    return f.count(1) - 2
t = time.time()
print chujio(50000)
print time.time() - t
```

Jibu lazima liwe 5133, ndiyo idadi ya namba tasa hadi 50,000. Likiwa jingine, kuna kosa la kunakili. Nimeepuka `sum` makusudi, kwa kuwa Python ya simu hizo mbili za kwanza ni ya zamani mno kuijua.

Ukitaka kuonyesha kashe, andika chujio hilohilo kwa C, ukitumia baiti moja kwa kila namba. Linganisha n=2000 likirudiwa mara nyingi na n=500000 mara chache. La kwanza linakaa ndani ya kashe ya data, ambayo kwenye SA-1110 ni KB 8 na kwenye XScale ni KB 32. La pili linatoka nje kwenye zote. Kwa Python tofauti hiyo itakuwa hafifu, kwa sababu Python yenyewe inaijaza kashe kwa kazi zake.

Nyawera_Bit (Bukavu)

Niongeze moja: chujio hili ni namba kamili tupu. Ukiweka hesabu za desimali, mpangilio wote utageuka. SA-1110 na XScale hazina kitengo cha desimali, kila kuzidisha kunafanywa kwa mlolongo wa amri za kawaida. ARM11 ya N95 inacho, lakini hata hivyo programu isipokompailiwa kukitumia kinabaki kimelala. Pima desimali mbali, usiziweke kwenye alama moja na namba kamili.

Katuba_Volti (Lubumbashi)

Mnazungumza kodi, batri hamjagusa, na hapo ndipo vipimo vya vifaa vya zamani vinaharibikia.

Batri kuukuu huonyesha 4.2 V ikiwa imepumzika, ukiipa kazi inaporomoka na kifaa kinazima katikati ya jaribio. Weka multimita kwenye batri wakati kifaa kinafanya kazi. Ikishuka chini ya 3.4 V ilhali imetoka kwenye sharja, ibadilishe. N70 inatumia BL-5C, ileile ya redio ndogo, kwa hiyo haina shida sokoni. N95 ya kawaida ni BL-5F, N900 ni BL-5J. Batri iliyovimba usiichaji na usiitoboe. Itoe na uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto.

N900 ina ugonjwa unaojulikana: tundu lake la micro-USB limeshikwa kwa risasi kidogo na linang'oka kwenye bodi. Wanafunzi thelathini wakichomeka na kuchomoa, halitamaliza wiki. Chaji BL-5J nje ya simu kwa sharja ya batri.

iPAQ zote mbili na Axim, kama bado ina Windows Mobile 2003, huweka programu kwenye RAM inayotunzwa na batri. Batri ikiisha kabisa, kila ulichosakinisha kimefutika. Kwa umeme wetu unaokatika, weka faili za usakinishaji kwenye kadi: SD kwa H3970 na Axim. H3630 haina tundu, inahitaji koti la nyuma la kadi za CF. Kwa Treo tumia SD isiyozidi GB 2.

Fundi_Birere (Goma)

Na kabla ya kubonyeza popote: vua SIM au weka hali ya ndege, zima Bluetooth na Wi-Fi, mwanga wa kioo uwe mmoja. Kwenye Axim, ingia sehemu ya nguvu, ondoa hali ya kujipangia kasi, weka kasi ya juu. Pima mara sita, tupa ya kwanza, panga tano zilizobaki na uchukue ya katikati. Tano hizo zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, kuna programu nyingine inaendelea nyuma. Itafute kwanza.

N900 hushusha kasi hadi 250 MHz ikiwa haina kazi, na jaribio fupi linaweza kuisha kabla haijapanda. Soma kasi ya wakati huo kwenye terminali:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq`

Isiposema 600000 wakati jaribio linaendelea, ongeza n hadi lidumu angalau sekunde 10. Usitumie BogoMIPS inayoonekana kwenye cpuinfo kama kipimo. Ni mzunguko mtupu wa kungoja ambao Linux huutumia kujipangia muda.

Ndosho_Elektro (Goma)

Nimeelewa. Nitagawa majedwali matatu: TCPMP kwa iPAQ, Axim na Treo, Python kwa Nokia tatu, na chujio la C kwa H3630 na H3970 peke yake ili waione kashe. Swali la mwisho: nimeahidiwa iPhone ya 2007. Niiongeze?

Kadutu_Kodi (Bukavu)

Iongeze, lakini jedwali la Python, kama utaweza kuiweka hiyo Python. Ni ARM11 ya 412 MHz, ukoo mmoja na N95, kwa hiyo mgawanyo wake kwa MHz unatakiwa kukaribiana na wa N95. Ukiachana sana, angalia kwanza toleo la Python lililo kwenye kila simu kabla ya kuilaumu chipu. Wanafunzi watasema iPhone inahisi nyepesi zaidi kidoleni. Waonyeshe RAM: ina MB 128, N95 ya kwanza ina MB 64.