Naomba ushauri: kupima ubongo wa wenye lugha mbili kwa MRI, watu 10 wanatosha?

Ngosha_Mwanza: Wakuu habarini. Nasoma uzamili. Nataka kuona ubongo wa mtu aliyekua na Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni unafanyaje kazi akitaja majina ya vitu kwa kila lugha. Kuna hospitali ina MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) yenye nguvu ya tesla 1.5, wamekubali kunipa Jumapili jioni wagonjwa wakiisha. Hela yangu inafika watu 10 tu. Msimamizi anasema nianze, ila roho inasita. Wakitaja kwa sauti mle ndani kuna shida?

Fundi_Sumaku: Mkuu, ulizia mashine kwanza. Za hospitali zinanunuliwa kwa ajili ya uvimbe, kiharusi na uti wa mgongo. Wewe unataka picha za ubongo mzima mfululizo, moja kila sekunde 2 au 3, kwa dakika kadhaa. Hakikisha programu hiyo imo, maana mara nyingi inauzwa kando. Sauti sahau: mdomo ukifunguka kichwa kinacheza, na milimita chache tu zinatosha kuharibu data. Wataje kimoyomoyo, wabonyeze kitufe kisicho na chuma. Dada zetu waambie mapema kabisa habari ya wigi lenye klipu za chuma. Mtu akishalala kitandani ndipo akumbuke, muda wako umekwenda.

Bi_Neva: Na ujue unachopima ni damu, si mawazo. Seiji Ogawa na wenzake walionyesha mwaka 1990 kuwa damu iliyopungukiwa oksijeni inavuruga sumaku kidogo. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi inaletewa damu yenye oksijeni kuliko inavyohitaji, picha yake inang'aa kidogo. Mng'ao huo unafika kileleni kama sekunde 5 baadaye. Ukibadili lugha kila sekunde 2 utapata uji. Panga vipindi vya sekunde 20 hivi: Kisukuma, pumziko, Kiswahili, pumziko.

Kaka_Mkavu: Gharama zote hizo za nini? Tumia EEG, vile vipimo vya umeme wa ubongo vinavyobandikwa kichwani, umalize shule.

Bi_Neva: @Kaka_Mkavu EEG inampa wakati, haimpi mahali. Swali lake ni la mahali.
Ngosha, kuhusu 10: unalinganisha lugha mbili ndani ya mtu yuleyule, hiyo ni nafuu. Ungetaka kuhusisha ubongo na alama za mtihani, ungehitaji watu maelfu. Hata hivyo 10 ni jaribio la awali, liite hivyo kwenye tasnifu. Halafu fanya masahihisho ya takwimu, maana unapima maelfu ya sehemu za ubongo kwa mpigo, na chache zitaonekana kufanya kazi kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni, tena mfu, ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu. Bila masahihisho, ubongo wake "ulifanya kazi"!

Ngosha_Mwanza: 😂😂 Samaki mfu! Asanteni sana. Nikingoja kibali cha maadili nifanye nini?

Bi_Neva: Nenda tovuti ya OpenNeuro, pakua data za wengine bure, jifunze kuzichakata. Programu ya kuchakatia, FSL ya Oxford, hulipii kwa kazi ya chuo. SPM ya London nayo ni bure, ila kwa kawaida inaendeshwa ndani ya programu nyingine, MATLAB, na hiyo inauzwa. Ulizia chuoni kama wana leseni.

Fundi_Sumaku: Na bando lako liwe la usiku mkuu, mafaili yale ni mazito.