Tupeane uzoefu: Peanuts ya Schulz, kuisoma, kuichora na kuihifadhi kwa hewa yetu ya visiwani

Kalamu ya Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu ni wa wapenzi wa Peanuts ya Charles Schulz, ile katuni ya gazetini ya Kimarekani ya watoto na mbwa Snoopy: waliomjua Snoopy kwenye mabegi ya skuli kabla hawajamjua gazetini, na waliokwisha kuisoma miaka yote. Tupeane yenye faida: kipande kinajengwaje, kalamu gani, karatasi gani, kinatunzwa vipi. Hadithi za utotoni tuzifungulie uzi mwengine.

Naanza na msingi. Kipande cha kwanza, yaani katuni ya siku moja, kilitoka tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti 7 ya Marekani. Cha mwisho kilitoka Jumapili ya tarehe 13 Februari 2000, siku moja baada ya Schulz kufariki. Jumla ni vipande 17,897, na vyote alivichora mwenyewe, penseli, wino na herufi, bila ya msaidizi. Katuni nyingi za kila siku zina mtu wa kuandika maneno na mwengine wa kuchora mandhari. Yeye alikataa, ndiyo maana ukikitazama kipande cha 1963 unaona herufi na nywele za Lucy, yule msichana mkali, zimetoka kwenye mkono mmoja.

Umbo la fremu 4, yaani viboksi 4 vya picha, lilitokana na biashara. United Feature Syndicate, waliokuwa wakiisambaza, waliwauzia wahariri kwa sifa ya kuokoa nafasi: fremu 4 zenye upana mmoja, zinazoweza kulazwa mstari mmoja, kupangwa mbili juu mbili chini, au kushushwa zote kwenye safu moja ya gazeti. Kwa hiyo hakuweza kuchora fremu moja pana na nyengine nyembamba, wala kuliachia wingu livuke kutoka fremu ya 2 hadi ya 3. Alikaa na sharti hilo mpaka 1988, alipoanza kutumia fremu 3 au idadi aliyoitaka.

Chukueni kipande chochote cha miaka ya 60 mkipime. Fremu ya 1 inatoa mahali na jambo. Ya 2 inalisukuma. Ya 3 mara nyingi haina neno hata moja, au ina neno dogo tu. Ya 4 inajibu. Ile ya 3 ndiyo yenye kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha msomaji asimame kidogo. Wanaoanza kuchora hukosea hapo: kicheko wanakitia fremu ya 3, halafu ya 4 wanaitumia kueleza kwa nini tucheke. Ukiona fremu yako ya mwisho inaeleza, ifute, kisha itie fremu tupu kabla ya ile ya kicheko. Aghalabu kipande kinapona.

Tiara ya Wete

Waalaykum salaam. Niongeze kwenye hiyo fremu ya kimya. Schulz alikuwa na mahali maalumu pa kuzungumzia, na kila mahali pana aina yake ya mazungumzo. Ukuta mfupi wa matofali, Charlie Brown, mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu, na Linus, mdogo wake Lucy, wameegemeza viwiko juu yake, ni wa mambo mazito. Ukuta ule ni kama baraza zetu za Mji Mkongwe: watu wamekaa ubavu kwa ubavu, macho yako njiani, na kwa kuwa hawatazamani wanaweza kuambiana lolote. Kibanda cha Lucy cha ushauri kwa senti 5, kilichoanza 1959, ni cha mtu kukatwa maini. Piano ndogo ya Schroeder, mvulana mpenda muziki, ni ya Lucy kupendapo asipopendwa. Ukishazijua sehemu hizi, fremu ya kwanza inakwambia mapema unaingia mazungumzo gani, na Schulz anaokoa maneno.

Kingine cha kutazama ni marudio. Lucy kumshikia Charlie Brown mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, kisha kuuondoa anapotaka kuupiga: mara ya kwanza, 1951, aliyeushika alikuwa Violet, msichana mwengine, na yeye aliuachia kwa kuogopa kupigwa teke la mkono. Lucy aliingia 1952. Baada ya hapo likawa jambo la karibu kila mwaka, msimu wa mchezo ule unapoanza kwao. Halichoshi kwa sababu kinachobadilika ni hoja ya Lucy. Mwisho unaujua, unasoma ili uone safari hii atamshawishi kwa njia gani. Anayetaka kuchora kichekesho cha kurudia ashike hilo: mwisho usiuguse, badilisha njia ya kuufikia.

Na wenzangu wa Pemba mnaorusha tiara msimu wa upepo, mti unaomeza tiara za Charlie Brown mtauelewa mara moja. Tazameni uzi wake ulivyochorwa: mstari mmoja, kalamu haijanyanyuliwa, unazunguka shina, matawi na miguu ya mtoto.

Wino wa Darajani

Haya, vifaa. Schulz alitumia nibu, yaani ncha ya chuma ya kalamu, ya Esterbrook 914, ya kuchovya. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza alinunua zote zilizobaki. Nibu ile ina ulaini: ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakuwa mwembamba. Usihangaike kuitafuta hiyo hiyo. Nibu yoyote laini ya kuchorea itakufaa, mradi si ile ngumu ya hati.

Vipimo ninavyovipendekeza: chora mara mbili ya ukubwa wa kuchapisha. Ikiwa kipande kitatoka na upana wa sentimita 20, chora kwa 40. Fremu 4 za sentimita 9.4 na mianya 3 ya milimita 8 zinakupa 40 kamili. Urefu wa kwenda juu sentimita 10. Kupunguza kwa nusu kunaficha mitetemo midogo ya mkono, lakini mstari ulio mwembamba mno utapotea, kwa hiyo mstari wa uso usiwe chini ya nusu milimita kwenye mchoro wa asili.

Mpangilio wa kazi: kwanza maneno kwa penseli, pili puto la maneno, lile duara linalobeba usemi, tatu watu, nne mandhari kama nafasi imebaki. Ukianza na watu, puto litakosa pa kukaa na utalibana juu ya kichwa. Halafu angalia weusi. Kipande cha kila siku hakina rangi, kwa hivyo nywele za Lucy, piano ya Schroeder na mstari wa kona kona kwenye fulana ya Charlie Brown ndivyo vinavyoongoza jicho. Weusi mkubwa mmoja kwa fremu unatosha.

Yanayoharibika hapa kwetu:

Wino kusambaa kama mizizi. Sababu ni unyevu uliokwisha kuingia kwenye karatasi, khasa masika, Machi hadi Mei. Weka karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Toa karatasi moja tu kwa wakati.

Nibu mpya kukataa wino. Ina mafuta ya kiwandani. Isugue kwa dawa ya meno au sabuni, suuza, futa.

Nibu kushika kutu. Chumvi ya bahari haina huruma. Ukimaliza, ioshe papo hapo, ikaushe kwa kitambaa, ipake tone la mafuta ya cherehani na uitie koponi. Kabla ya kutumia tena ioshe kwa sabuni, usije ukarudi kwenye tatizo la juu.

Wino kuganda ndani ya mfereji wa nibu. Wino mweusi usiotoka kwa maji una gundi ndani yake. Chovya nibu kwenye maji kila baada ya dakika chache hata kama hujamaliza.

Bi Mdogo wa Michenzani

Ahsante Wino. Nina suala: Kiswahili kinajaza puto haraka. Mnafanyaje?

Wino wa Darajani

Suala zuri, Bi Mdogo, tena linahesabika. Fremu ya sentimita 9.4 inakupa puto lenye nafasi ya sentimita 8 za maandishi. Herufi ya milimita 4 pamoja na mwanya wake inakupa herufi 20 kwa mstari. Mistari 4 ni herufi 80, sawa na maneno 12 hivi. Sasa neno kama "watakapokusanyika" lina herufi 17: limekula mstari mzima. Dawa ni kuandika kama watu wanavyosema barazani. "Wakikusanyika" inatosha. Vunja sentensi ndefu iwe mbili, nusu fremu ya 1, nusu fremu ya 2. Usipunguze herufi chini ya milimita 4, kwani ikichapishwa kwa nusu inakuwa milimita 2 na karatasi ya gazeti inanywa wino, matundu ya "a" na "e" yanaziba. Na usikate neno kwa kistari ndani ya puto. Sauti ya msemaji inakatika nalo.

Tiara ya Wete

Nakubaliana naye. Edward Gitau kwenye Juha Kalulu, na Christian Gregory kwa Chakubanga wa gazeti la Uhuru, wote walikiweka Kiswahili kinywani mwa mtu wa kawaida, na puto likatosha. Anayechora kwa Kiswahili awasome hao sambamba na Schulz.

Kabati la Chake

Mimi nazungumzia kutunza, maana vipande vingi vinakufa mikononi mwa wanaovipenda.

Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake imebaki lignini, kitu cha asili kinachoufanya mti uwe mgumu. Hiyo ikikutana na mwanga na hewa inageuka manjano, inatoa asidi, karatasi inakatika kama jani kavu. Huwezi kuzuia kabisa, unaweza kuchelewesha. Kata kipande na ukingo wa sentimita 1 pande zote. Kiweke kimelala, kisikunjwe, ndani ya karatasi nyeupe isiyo na asidi, kimoja kimoja, kwa sababu asidi ya kimoja inahamia kwa jirani yake. Tarehe na jina la gazeti andika kwa penseli kwenye hiyo karatasi ya kufungia, kamwe si juu ya kipande.

Selotepu ni adui. Gundi yake inageuka kahawia, inapenya, na haitoki. Kukitia kipande kwenye plastiki ya moto ndiyo kukizika, asidi inabaki ndani na huwezi tena kukitoa.

Kwa wenye nyumba za mawe: ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji na chumvi. Kabati liwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja, hewa ipite nyuma yake, na boksi lisikae sakafuni. Ukungu huanza unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 au 70 na kukaa hapo, na sisi masika tunapita. Siku kavu za kaskazi, Disemba hadi Februari, fungua maboksi ndani ya chumba chenye kivuli kwa saa chache. Juani usitoe.

Karafuu kabatini ni desturi yetu na harufu yake nzuri, lakini zina mafuta mengi, zikigusa karatasi zinatia doa. Zifunge kitambaani, ziwe rafu nyengine. Vidonge vya nondo hivyo hivyo, visiguse.

Mwana wa Mkoani

Maalim zangu, anayeanza leo aanzie mwaka gani? Na wapo wanaosema katuni ya mbwa haituhusu.

Kalamu ya Mkunazini

Karibu kaka. Anzia 1959 hadi 1968. Miaka ya mwanzo ni mizuri lakini watu bado hawajakomaa: Schroeder aliingia 1951, Lucy na Linus 1952, blanketi la Linus 1954. Ukizijua hizo za katikati ndipo urudi nyuma. Mkusanyo kamili ulichapishwa 2004 hadi 2016, kila juzuu miaka miwili. Ukifika miaka ya 80 utaona mistari inatetema. Hilo si kosa la uchapaji, mkono wa Schulz ulianza kutetemeka na akaendelea kuchora nao. Mimi naiona mistari ile mizuri, khasa kwenye majani na mvua.

Kuhusu Snoopy, soma wiki moja mfululizo uone. Amelala juu ya paa la kibanda, nje, na kibanda chenyewe karibu kila mara kinachorwa kwa ubavu. Tangu 1965 yuko angani akipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na paa ndilo ndege yake. Habari yake ni ya mtu mwenye ndoto kubwa kuliko makazi yake, na hilo halina mpaka wa dini wala bahari.

Kabati la Chake

Nimalizie la skana, wengi wameniuliza faraghani. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kipande kabla ya kufunga kifuniko, maandishi ya upande wa pili yatafifia. Weka nukta 600 kwa inchi, hali ya kijivu kwanza, usianze na nyeusi-nyeupe tupu kwani nusu ya mistari myembamba inapotea. Hifadhi kwa PNG au TIFF, JPEG inatia vumbi pembeni mwa herufi. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku: 1965-10-10. Kompyuta itazipanga yenyewe.