IELTS: kuandika niko fresh ila kuongea naganda, naombeni msaada

Dada_Kimara
Wakuu habari za jioni. Nina IELTS (ule mtihani wa kiingereza) mwezi ujao hapa hapa Dar, chuo ninachoomba Uingereza wanataka 6.5 kwa jumla na kila sehemu isishuke chini ya 6. Ngeli naielewa, toka fomu wani mpaka chuo nimesoma kwa kiingereza, ila tatizo ticha akitoka darasani wote tunarudi kwenye kiswahili na kazini ni hivyo hivyo, mdomo haujazoea kabisa. Ile sehemu ya kuongea peke yako dakika mbili ndo inanitesa, nikifika sentensi ya tatu naanza aah eeh natafuta neno, likija nishasahau nilikuwa naelekea wapi. Mmoja kaniambia nikariri majibu ya mtandaoni, mwingine kasema niongee haraka haraka waone naijua. Waliopita huko nishaurini, ada yenyewe siyo hela ndogo.

Ticha_Mwenge
Dada hayo mawili yote achana nayo. Wanapima vitu vinne na vina uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Mtiririko siyo spidi. Kusimama kidogo kufikiria cha kusema hata wenye lugha yao wanasimama, kinachokushusha ni kusimama kila saa kutafuta neno au kurudia rudia sentensi ili uirekebishe. Na majibu ya kukariri wanayashtukia, mtu anatiririka kama anasoma risala halafu swali linalofuata anakwama.

Fanya hivi, washa rekoda ya simu, chukua mada ya kawaida tu mfano soko la samaki Feri, jipe dakika moja uandike maneno machache (kwenye mtihani unapewa karatasi na penseli) halafu ongea mpaka dakika mbili ziishe, usizime hata ukiboronga. Neno la mnada likigoma kuja elezea tu kwamba watu wanapandisha bei mpaka anayetoa kubwa anachukua, hiyo inahesabika kama uwezo siyo udhaifu. Ukimaliza jisikilize, kisha RUDIA mada ile ile. Kuna zoezi walimu wa lugha tunalitumia sana, unaeleza jambo lile lile kwa dakika nne, halafu tatu, halafu mbili, kila mara kwa mtu mwingine. Ukifika ile ya mwisho hutafuti tena cha kusema, kichwa kinabaki na kazi ya lugha tu, na hapo ndo ulimi unalegea. Watu wengi kila siku wanabadilisha mada mpya ndo maana hawaoni mabadiliko.

mtu_wa_Mbagala
Mi naongezea, sikiliza BBC kwa wingi, niko kwenye daladala na earphone asubuhi na jioni, inasaidia sana

Ticha_Mwenge
@mtu_wa_Mbagala inasaidia sikio mkuu, sawa kabisa, ila mdomo unakuwa umekaa kimya safari nzima. Mtu akifika nyumbani achukue kipande kifupi cha hayo hayo aliyosikia, aongee sambamba na mtangazaji, afuate anapopumzika na anapokazia, hapo ndo faida inaonekana.

Binti_Tabata
Mimi nilifanya na nikapata nilichokuwa nahitaji. Mnakaa wawili tu, wewe na mtahini, na anarekodi, yote ni dakika 11 mpaka 14. Unaanza na maswali mepesi ya nyumbani, kazi na mambo unayopenda, halafu ile kadi ya mada unayoongelea peke yako dakika mbili, halafu mjadala unaoendana na mada ya kadi na hapo anataka sababu, siyo ndiyo na hapana. Akikukatisha katikati usitetemeke, muda wa hiyo sehemu umeisha basi. Na lafudhi yetu haina shida, usijilazimishe kuongea kama Mmarekani, ongea ueleweke. Kilichonisaidia kuliko vyote tulikuwa na kagrupu ka WhatsApp ka watu wachache, sheria moja, voice note za kiingereza tu, hakuna kuandika na hakuna kucheka mtu.

Dada_Kimara
Asanteni sana jamani, mmenitoa mbali mno. Leo leo naanza na hiyo ya Feri. Swali la mwisho, nisipoelewa swali naruhusiwa kuuliza au wanakata?

Ticha_Mwenge
Uliza, tena kwa sentensi kamili. Kwenye ule mjadala wa mwisho unaweza hata kumuomba afafanue alimaanisha nini, kwenye maswali ya mwanzo atakurudia tu swali lilivyo. Kibaya ni kujibu kitu ambacho hakuuliza. Ukirekodi ya Feri nitumie inbox nikusikilize.

mtu_wa_Mbagala
Binti hilo grupu bado lipo? Niungeni na mimi, nina mtihani mwezi wa tatu

Binti_Tabata
Lile lilikufa tulipomaliza mtihani, ila nafungua jipya kesho. Anayetaka aje inbox na aseme mtihani wake ni lini, tuwapange kwa tarehe.