Kamera ya Zenit-E ya marehemu mzee inaleta kiza kwenye picha: nikaze springi au niiache?

Mjukuu wa Bibi
Wakuu, shikamooni. Mzee wangu (marehemu) alisoma Moscow miaka ya 70, akarudi na Zenit-E, kamera ya mkanda, yenye lenzi ya Helios-44-2. Namba ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) inaanza na 74. Juzi nimeitia mkanda, nikausafisha kutoa picha. Picha za spidi (muda wa kupitisha mwanga) 1/30 na 1/60 ya sekunde safi kabisa. Za 1/250 zina kiza upande mmoja, na 1/500 karibu nusu ni nyeusi tii. Fundi anasema springi imelegea, aikaze kwa elfu hamsini. Kuna jamaa pia anaitaka kwa mkusanyiko wake, ila kasisitiza nisiiguse. Nifanyeje?

Mzee wa Mkanda
Marahaba. Hilo 74 ndiyo mwaka wa kutengenezwa, kiwanda kipo Krasnogorsk, jirani na Moscow.

Tatizo ni mapazia yanayoziba filamu, ndiyo springi inayavuta. Yapo mawili, ya kitambaa chenye mpira, yanakimbia kwa upande. La kwanza linafungua, la pili linalifuata kufunga. Kwenye 1/500 kati yao unabaki mwanya mwembamba tu. Grisi ikikauka, la kwanza linajikokota, la pili linalikuta njiani, filamu iliyobaki haioni mwanga. Kwenye 1/30 la pili husubiri mwenzake afike, ndiyo maana huoni kasoro.

Hakikisha mwenyewe: toa mkanda, fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera dirishani, piga 1/500 huku simu inarekodi video ya mwendo wa pole.

Chuma Chakavu
Puliza oili humo ndani, dakika tano umemaliza.

Mzee wa Mkanda
Usithubutu! Oili ikifika kwenye mapazia na kioo kilicho nyuma ya lenzi umeua kamera. Na springi usianze nayo. Ukikaza huku grisi ngumu bado ipo, unakivuta kwa nguvu kitambaa cha miaka hamsini. Kwanza isafishwe, ipakwe oili kidogo sana. Springi iwe ya mwisho.

Mama Picha
Nyongeza: gizani, toa lenzi, inua kioo taratibu kwa ukingo, mulika tochi kwa mbele, chungulia nyuma. Ukiona vinyota vya mwanga, kitambaa kimetoboka, hapo gharama ni nyingine.

Na huyo mnunuzi, Zenit-E zilitengenezwa mamilioni, si kitu adimu. Muulize kama atachukua bodi peke yake. Helios inafungwa hadi kwenye kamera za kisasa kwa adapta, wengi wanaiwinda.

Mjukuu wa Bibi
Nimemuuliza. Kajibu, "Bodi baki nayo." 😂

Video nimerekodi: mwanya unaanza vizuri, ukifika katikati unajifunga. Vinyota sijaona hata kimoja. Kesho namrudia fundi, asafishe tu, bisibisi yake isiguse springi.

Mama Picha
Akifungua, kaa palepale uangalie. Na lenzi iache nyumbani.